Bibi, mkwe na mjukuu: kesi ya Marekani niliyoipeleka kibarazani Ngamiani

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo nikiisimulia kibarazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, Tanzania, ukili husimama mikononi. Nimewasimulia mashoga zangu wanaosuka mikeka, nimeisimulia kwenye arobaini, na nimewahi kuisimulia ndani ya daladala ya Pongwe kwa dada mmoja ambaye wala hakuniuliza. (Kustaafu kuna mambo yake.) Watu hugawanyika vilevile kila mara: wenye wajukuu huku, wenye watoto wadogo kule. Mimi nina wajukuu, lakini nimekaa na wale wa kule, na wenzangu hawajanisamehe.

Inaitwa Troxel dhidi ya Granville: Troxel ni bibi na babu, Granville ni mama wa watoto. Ilianzia kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, kule kaskazini magharibi ya Marekani; usichanganye na mji wa Washington anakoishi Rais. Mwanamume na mwanamke waliishi pamoja bila ndoa, wakazaa mabinti wawili, wakaachana Juni 1991. Kijana akarudi kukaa kwa wazazi wake, na mwisho wa juma akawa anawaleta wanawe pale kwa bibi na babu. Mei 1993 akajitoa uhai. Mabinti wakaendelea kwenda kwa wazee hao kama walivyozoea, mpaka Oktoba, mama yao aliposema sasa basi, iwe mara moja kwa mwezi na kwa muda mfupi. Desemba wazee wakafungua kesi.

Hapo kibaraza huwaka. "Matanga hayajapoa, washakimbilia kortini!" husema mmoja. Mwingine humkata kalima: "Na huyo mama je? Baba mtu hata nusu mwaka hajamaliza kaburini, keshawakata watoto na kwao!"

Huwa nawaacha wagombane kwanza, kisha nawaambia wasikilize walichokuwa wakigombania. Wazee walitaka wikiendi mbili kila mwezi, watoto walale, na wiki mbili kila kiangazi. Mama alitaka siku moja kwa mwezi, bila kulala. Hakuwakatalia wasiwaone. Wengi hulipita hili haraka kwa sababu hadithi ya mkwe katili ni tamu zaidi. Mwaka 1995 jaji akakata katikati: wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja kiangazi, na muda wa saa nne kila ikifika siku ya kuzaliwa ya bibi, na nyingine nne ya babu. Mashoga zangu wakifika hapo hucheka mpaka machozi. Bethidei kwa amri ya mahakama!

Kesi ikapanda ngazi zote za jimbo, mama akishinda huko juu, hadi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Uamuzi ukatoka 5 Juni 2000. Majaji sita kwa watatu, mama akashinda tena.

Alishinda kwa sababu gani? Kwanza itazame sheria yenyewe ya jimbo la Washington. Ilisema mtu yeyote, wakati wowote, anaweza kuiomba mahakama imruhusu kumtembelea mtoto, na jaji anaweza kukubali akiona ziara hizo zitakuwa kwa maslahi ya mtoto. Mtu yeyote! Bibi yumo, na jirani yumo, na mwalimu wa zamani, na mwanamume uliyemwacha miaka minne iliyopita. Wala jaji hakutakiwa kwanza aone kwamba mama amekosea popote. Ilitosha yeye aone kuwa ingependeza.

Maoni ya upande ulioshinda aliyaandika Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye mahakama ile, akiungwa mkono na majaji watatu. Alirudi kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yanayokataza jimbo kumnyang'anya mtu uhuru wake bila kufuata haki. Katiba ile haitaji neno mzazi. Lakini tangu kesi ya Meyer ya 1923, kuhusu mwalimu aliyeshtakiwa Nebraska kwa kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani, na kesi nyingine ya 1925 kuhusu shule za binafsi huko Oregon, mahakama hiyo imekuwa ikisema kwamba ndani ya neno "uhuru" umo uhuru wa mzazi kumlea mwanawe anavyoona. O'Connor akaongeza kwamba hakuna hata mmoja aliyedai kuwa Granville ni mama mbaya. Mzazi anayemtunza mtoto wake ipasavyo huchukuliwa kuwa anamtakia mema, na uamuzi wake lazima upewe uzito wa pekee. Jaji hana ruhusa ya kuupindua kwa kuwa tu yeye angeamua vingine.

Kuna kipande kimoja cha hukumu ile kilichonikaa kuliko vyote. Jaji wa kule chini, alipokuwa akieleza sababu za amri yake, aliyataja ya utotoni mwake: kwamba wao walipokuwa wadogo walikuwa wakikaa wiki moja kwa bibi na babu wa upande huu, wiki nyingine kwa wa upande ule, na ilikuwa raha, basi huenda na familia hii ikawa hivyo. Maskini, alinena kwa moyo mweupe. Ila ndiyo hatari yenyewe hiyo. Nimewaona watu wazima wenye busara wakifanya vivyo hivyo: wakipewa madaraka juu ya nyumba ya mtu, huanza kutafuta humo nyumba waliyokulia.

Wale sita hawakuwa na sauti moja. Kesi hiyo ina maoni sita tofauti yaliyoandikwa, na watatu waliopinga kila mmoja alipinga kivyake. Antonin Scalia alikubali kwamba haki ya mzazi ni ya asili, lakini akasema Katiba haikuwapa majaji mamlaka ya kufuta sheria kwa ajili yake. John Paul Stevens aliuliza mbona mtoto mwenyewe hasikiki. Kama bibi anapaswa athibitishe kwanza kuwa mtoto ataumia asipomwona, hilo O'Connor na wenzake waliliacha wazi. Wala hawakuzifuta sheria za namna hiyo. Wakati ule majimbo yote 50 yalikuwa nazo, na nyingi zipo hadi leo, zikiwa zimebanwa zaidi.

Sasa niseme kwa nini nimewasaliti mabibi wenzangu.

Miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa kwenye kata. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, anayetaka talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, huanzia kwenye baraza la aina hiyo. Mezani petu ilikuwa talaka, lakini yaliyoletwa yalikuwa kila kitu: nani alichukua friji, nani alimtukana mama wa nani, na wajukuu. Wajukuu mno. Nilichojifunza ni kwamba maneno "namtaka mjukuu wangu" ukiyasikia, yaache kwanza yakae. Mara nyingi ni kweli tupu, mzee wa watu ana uchungu na mwanawe aliyekwenda, na yule mtoto ndiye aliyebaki na macho yake. Lakini mara nyingine nyuma yake kuna nyumba. Kuna kiwanja ambacho marehemu alikinunua akiwa na mkewe, kuna shamba la minazi njia ya Pangani, kuna mafao. Ndugu wa mume wakisema "mtoto ni wetu", mjane anayejua mambo hushika kwanza funguo za kabati lenye karatasi.

Mwanamke wa namna hiyo, umpe kila ndugu wa marehemu uwezo wa kumburuta mahakamani wakati wowote, umefanya nini? Ashinde au ashindwe, ameshalipa nauli, ameshapoteza siku za biashara, ameshasimama mbele za watu kueleza kwa nini mwanawe halali kwa fulani. Anthony Kennedy, mmoja wa waliopinga, aliliona hili akasema kuna wakati kesi yenyewe, kabla hata ya hukumu, inaweza kuwa uvamizi wa haki ya mzazi. Kwa mama ntilie wa Makorora halihitaji kuandikwa na jaji.

Halafu kuna yale yasiyoandikika kwenye hati ya madai. Mtoto anakwenda kwa bibi anarudi na hirizi kiunoni, na mama yake ni wa msimamo unaoiona hirizi kuwa shirki. Au mama ni Mkristo aliyeolewa na Mwislamu wa Pongwe, mume amekufa, na Jumapili kuna mahali pawili ambapo mtoto anatakiwa awepo. Au bibi anampa soda mtoto aliyekatazwa sukari, kwa hoja kwamba baba yake alikunywa na akakua. Ukitaka jaji aamue mambo haya unamgeuza kuwa mkwe wa tatu.

Mabibi wenzangu hunijibu: hiyo ni Marekani, huko mtoto ni wa watu wawili, kwetu mtoto ni wa ukoo. Ni kweli, tena zaidi ya wanavyodhani. Kwa Wadigo wa zamani wa pwani hii mtoto alihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mila hiyo imepungua nguvu, lakini ukikaa kwenye posa ya watu wa Moa au Duga utaona mjomba bado anatazamwa usoni kabla ya jibu. Na kwa fikihi ya Kishafi, yaani sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, hadhana, yaani haki ya kukaa na kumlea mtoto mdogo, ni ya mama kwanza, na mama akiondoka kwenye mstari, bibi mzaa mama anamfuata. Kwa hiyo bibi anayo nafasi kwetu, ila angalia ni bibi yupi. Bibi mzaa baba, huyo anayelalamika kibarazani, yuko nyuma ya foleni kuliko anavyopenda kukumbuka.

Na sheria ya nchi? Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Haikusema familia inaishia wapi. Sheria ya Ndoa ndiyo iliyokwenda mbele: mtoto anaweza kukabidhiwa ndugu mwingine pale tu panapokuwa na hali ya pekee inayofanya isifae akae na baba wala mama; na mahakama inapotoa amri ya malezi inaweza kuelekeza mtoto awatembelee jamaa wa mzazi aliyefariki, kwa nyakati itakazoona zinafaa. Mwaka 1971! Wazee wa Skagit wangeisoma hiyo wangelia. Lakini haikusema "mtu yeyote". Imetaja jamaa wa mzazi asiyekuwepo, yaani upande ule ambao mtoto yuko hatarini kuupoteza, na imeweka jambo hilo ndani ya amri ya malezi. Hapo naona waliiandika kwa akili.

Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, na hiyo ndiyo ninayoitegemea. Inapozungumzia nani aombe kumwona mtoto, inamtaja mzazi, mlezi, au ndugu ambaye amekuwa akimlea mtoto. Soma tena hapo mwisho. Haijamtaja ndugu wa damu akaishia hapo. Amekuwa akimlea.

Hili ndilo hasa ninalolitetea. Bibi hana dai juu ya mjukuu kwa kuwa alimzaa baba yake. Analo kwa sababu alimwogesha.

Tanga hii imejaa mabibi wa namna hiyo. Binti anakwenda Dar kuuza nguo Kariakoo, au anakwenda Oman kufanya kazi za ndani, mtoto anabaki Mikanjuni na bibi akiwa wa miezi kumi. Bibi ndiye aliyempeleka kliniki na kadi, bibi ndiye aliyemtafutia sare za chekechea, usiku wa homa bibi ndiye aliyekesha na kitambaa cha maji. Mama anarudi mtoto ana miaka saba, na mume mpya, na nyumba ya kupanga Mbagala, anamchukua Jumatatu asubuhi, na Jumanne simu haipokelewi. Huyu bibi akija kuniuliza aende wapi, simwambii avumilie. Namwambia aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, abebe kadi ya kliniki na ripoti za shule, na ikishindikana kuna Mahakama ya Watoto. Sheria hiyo hiyo inamtaka hakimu afikirie mtoto kuendelea na malezi aliyoyazoea. Hapa anayetikiswa ni mtoto, na amri ya kumwona bibi yake inaweza kuwa dawa.

Hata Marekani wenyewe tofauti hii wanaijua. Mji wa East Cleveland, Ohio, ulikuwa na kanuni ya makazi iliyoamua nani na nani ni familia ya kukaa nyumba moja. Bibi mmoja, Inez Moore, aliishi na mwanawe na wajukuu wawili ambao hawakuwa ndugu wa baba mmoja. Walikuwa watoto wa kaka wawili. Mmoja aliletwa kwake baada ya mama yake kufariki. Kwa kanuni ile, huyo yatima alizidi. Bibi akahukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25, kwa kosa la kukaa na mjukuu wake! Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikamwondolea hatia, ikasema desturi ya bibi, wajomba, shangazi na binamu kukaa chini ya paa moja nayo ina mizizi mirefu na inastahili hifadhi ya Katiba. Nikisimulia hiyo kibarazani hakuna mabishano. Wote huuliza kitu kimoja tu: huo mji watu wake walikuwa wanazikana na nani?

Wafaransa wamechukua njia nyingine, wameandika kwenye sheria yao ya madai kwamba mtoto ndiye mwenye haki ya kuwa na uhusiano na bibi na babu zake. Inavutia. Ila mtoto hafungui kesi mwenyewe. Mtu mzima ndiye atakayemsemea, na tunarudi palepale kuulizana ni mtu mzima yupi.

Nimalizie na shauri moja lililokuja mezani petu. Nimebadilisha mambo mawili matatu wahusika wasijulikane. Marehemu alikuwa dereva wa malori ya Horohoro. Mama wa mtoto amepanga mjini, bibi yuko nje ya mji upande wa Mwambani. Mtoto wa kiume, darasa la pili. Bibi alikuja na shauri lake kwa utani wa kwetu, maana kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe.

"Mwenyekiti, huyu mwanamke kanipokonya mume wangu," alisema, akacheka, halafu akalia.

Mkwewe alikaa kimya mpaka alipoulizwa. "Sikatai aende kwa bibi yake," alisema. "Nakataa kurudishiwa mtoto mwenye maswali. Juzi kaja ananiuliza: Mama, yule mwenye pikipiki nyeupe ndiye atakuwa baba? Bibi kasema nikuulize."

Mwenyekiti wetu, mzee wa Kibondei asiye na haraka, akamgeukia mtoto aliyekuwa nje anachezea kizibo cha chupa. Akaitwa. Akaulizwa taratibu, watu wazima wametolewa chumbani, anapenda nini yeye.

"Napenda kwenda kwa bibi. Kuna bada na samaki. Ila sitaki kulala."

"Kwa nini hutaki kulala?"

"Wale wengine wananivuta shuka. Na choo kiko nje."

Siku moja, bila kulala. Ndilo lile lile alilolitaka Granville kule Skagit, na huyu hakuwa na wakili.

Tuliandika makubaliano: Jumamosi mbili kwa mwezi, baada ya madrasa hadi magharibi, Idi mosi kwa mama na Idi pili kwa bibi, nauli ya kwenda juu ya mama na ya kurudi juu ya bibi, na mtoto asitumwe maswali. Kipengele hicho cha mwisho bibi alikiomba asomewe tena.

"Na nikisahau nikamtuma?"

"Usisahau, mama," mwenyekiti akamjibu.

Akaweka dole gumba. Walipofika ngazini, mimi nikiwa nyuma yao nafunga dirisha, nikamsikia anamwambia mkwewe: "Haya, sasa mtoto simtumi. Nakuuliza wewe mwenyewe, huyo wa pikipiki nyeupe ni nani?"

Alijibiwa, tena kwa kirefu, wakiwa wanaelekea stendi. Jibu lenyewe halikulihusu baraza.